Nauli Tunalipa, Kodi Tunalipa, Basi Liko Wapi?

Mkazi wa Nairobi anayedhani kwamba kodi ya mafuta haimhusu kwa sababu hana gari anajidanganya. Katika kila lita ya dizeli inayotiwa kwenye matatu mna ushuru wa matengenezo ya barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25, na mwaka mmoja kabla ya hapo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilikuwa imepanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Mwenye matatu hazitoi pesa hizo mfukoni mwake. Huzirudisha kwenye nauli. Mama mboga anayeondoka Githurai kabla ya mapambazuko kwenda Marikiti kununua nyanya na vitunguu humlipa kondakta nauli yake, pengine na ya gunia pia wakati wa kurudi, na ndani ya nauli hiyo mna sehemu ya Serikali, ingawa hapewi risiti ya kumwonyesha hivyo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba jiji hili halina usafiri wa umma wa maana kwa sababu wananchi hawataki kuugharamia. Tunaugharamia tayari. Tatizo ni kwamba hakuna sheria inayofunga hata shilingi moja ya fedha hizo kwenye kazi ya kubeba abiria. Ushuru wa mafuta ni wa barabara, na barabara huhesabiwa kwa kilomita za lami, si kwa idadi ya watu wanaofika kazini. Mwaka 2025, shilingi 7 kati ya zile 25 ziliwekwa dhamana ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakiidai Serikali. Sisemi wakandarasi wasilipwe, lakini mapato yakishawekwa rehani namna hiyo, basi la abiria litakuja kujinunulia nafasi kwa fedha zipi?

Ushuru wa reli nao ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na mzigo wake mkubwa ukawa reli ya SGR ya kwenda Mombasa. Abiria wa ndani ya jiji aliambulia kidogo: stesheni ya Syokimau iliyofunguliwa mwaka 2012, na baadaye, mwaka 2020, garimoshi zilizokwisha kutumika zilizonunuliwa Uhispania. Wakati huo huo barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilikamilika mwaka 2022, na anayeweza kulipa hupita juu huku matatu nyingi zikibanana chini. Kwenye barabara ya Thika, mstari mwekundu wa mabasi ya mwendo kasi ulipakwa rangi mwaka 2018, kisha matatu zikaendelea kuukanyaga kana kwamba haupo.

Miji mingine imelishughulikia jambo hili kwa uwazi zaidi. Jijini Paris, tangu mwaka 1971, waajiri hukatwa mchango wa usafiri kulingana na mishahara wanayolipa, kwa hoja kwamba mwajiri hunufaika mfanyakazi anapofika kwa wakati. Kaunti ya Los Angeles iliwauliza wapiga kura mwaka 2016 kama wangekubali kuongezewa nusu senti kwa kila dola ya mauzo. Ilihitaji theluthi mbili ya kura, ikazipata na kuzipita, kwa kuwa orodha ya miradi ilikuwa imewekwa wazi kabla ya mtu kupiga kura.

Kwa Nairobi mimi ningeanzia kwenye ardhi. Barabara ya Thika ilipopanuliwa kufikia mwaka 2012, kwa mikopo ambayo sote tunailipa, maghorofa yaliota Roysambu na Kasarani na bei ya viwanja ikapaa. Faida hiyo ilimwendea mwenye kiwanja, naye mpangaji akapandishiwa kodi ya nyumba. Kwa miaka mingi kaunti ilitoza ada za ardhi kwa kutegemea thamani zilizoandikwa miaka ya 1980, jambo ambalo kwa mji unaokua hivi ni kama kumpima mtu mzima kwa shati lake la chekechea. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti mamlaka ya kutoza ada hizo bila kungoja Bunge la kitaifa litunge kodi mpya. Kiwanja kilicho karibu na kituo cha basi au stesheni kingeweza kutozwa nyongeza ndogo, na nyongeza hiyo ikaingia katika akaunti ya usafiri pekee.

Najua jibu litakalokuja: baada ya maandamano ya Juni 2024 yaliyouangusha Mswada wa Fedha, nani atathubutu kutaja tozo nyingine? Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana sitaki nyongeza yoyote itangulie hesabu. Mamlaka ya usafiri wa jiji, NAMATA, iliundwa mwaka 2017 kuhudumia kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kwanza ituonyeshe, njia kwa njia, ni kiasi gani kimekopwa, ni kiasi gani kimetumika na kituo kipi kitafunguliwa lini, kisha kaunti ndiyo ije kwa wenye viwanja na ankara mkononi.