Nilivyompokea Mama Mkwe Utrecht

Kiholanzi kina kitenzi kinaitwa aankomen. Darasani tulifundishwa maana moja tu: kufika. Kinakatika mkia kama mjusi, na mkia wenyewe, ile aan ya mwanzoni, unatupwa mwisho wa sentensi: De trein komt om tien uur aan, treni inafika saa nne. Kama imeshafika, mkia unarudi mahali pake na katikati inapachikwa ge: aangekomen. Niliikariri mpaka mke wangu akaniomba nilale.

Basi Jumamosi moja nikatumwa stesheni ya Utrecht kumpokea mama mkwe anayetoka Groningen. Huyo anashuka, koti jipya limembana, mfuko wa jibini mkononi. Mtoto wa Tanga nina adabu zangu. Shikamoo huko haipo, lakini ipo u, ile "wewe" ya kuwaambia wakubwa. Nikatandaza mikono, nikapaza sauti: "Mama, u bent aangekomen!"

Abiria wawili wakageuka kumtazama tumbo. Mama mkwe akavuta koti, akahangaika na kifungo ambacho hakikutaka kufungika. Zile busu tatu za mashavuni, nikapewa moja.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe aankomen pia ni kunenepa! Na sentensi ni ile ile, haibadiliki hata herufi. Nimemwambia mama wa watu, mbele ya kadamnasi, kwa heshima zote: "Umenenepa!" Tanga ningeletewa soda.

Nikataka kurekebisha. Kupungua mwili ni afvallen, ambacho pia ni kudondoka (hawa watu wana ubahili hata wa vitenzi). Nikamfuata jikoni: "Mama, u bent afgevallen." Akanitazama kama anayeuziwa simu ya wizi.

Jioni nikanyoosha mkono kwenye keki. Akanipiga kikofi: "Niet aankomen!" Moyo ukalipuka: mama mkwe ananikataza kunenepa? Hapana, hiyo ni maana ya tatu. Usiguse.

Jumapili akaondoka, tumbo limejaa pilau yangu, sahani tatu. Usiku mke wangu akasema nimwulize kama amefika salama. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Simu ikalia kabla sijatuma. Ujumbe wa mama mkwe:

"Aangekomen. Twee keer."

Nimefika. Mara mbili.