Ongeza Usukuma kidogo

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi kwenye kichekesho kilichokuwa kinapigwa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nafasi yenyewe mlinzi wa getini, mistari mitatu. Nikausema wa kwanza, muongozaji akasimamisha kamera. "Safi kaka, ila ongeza Usukuma kidogo." Nikamwambia mimi ni Msukuma kwa baba na mama, nimezaliwa Magu, na Kiswahili changu ndiyo hiki. Akacheka. "Wewe R zote zifanye L, watu wavunjike mbavu."

Nikazifanya. Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao, nisiwadanganye. Mama alipoiona akaniuliza: "Huyu anayeongea hivi katokea wapi?"

Nimelikumbuka swali hilo baada ya kuangalia muvi ya zamani ya Marekani, Living in Oblivion ya mwaka 1995, ya Tom DiCillo. Ni kichekesho kuhusu watu wasio na hela wanaohangaika kutengeneza filamu: maiki inaingia kwenye picha, mashine ya moshi inagoma, stelingi anajiona mungu. Aliyewahi kushika kamera hata ya harusi ataijua taabu hiyo. Halafu inakuja sehemu ya ndoto. Muongozaji wa ndani ya muvi, anayechezwa na Steve Buscemi, amemleta Tito, mtu mwenye kimo kifupi, azunguke pale na kofia yake ndefu. Tito anachoka, anamgeukia bosi: kwa nini kila ndoto lazima iwe na mtu kama mimi? Hata mimi mwenyewe siwaoti! Anaondoka zake. Aliyecheza ni Peter Dinklage, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Hapo nilisimamisha nikarudisha nyuma. Kumbe kicheko kinaweza kumwangukia aliyeandika skripti.

Sisi jambo hili tunalijua kwa jina lingine: utani. Mtani anakuita mshamba hata msibani, na wewe humnunii, kwa sababu zamu yako inakuja na utamfanyia mabaya zaidi. Utani bila zamu ya kujibu ni matusi tu. Vichekesho vyetu vingi vimechukua maneno ya utani vikaiacha zamu. Msukuma analinda geti, anashangaa lifti, anahesabu ng'ombe, basi. Mwenye ualbino, huku Kanda ya Ziwa ambako watu wameuawa kwa ushirikina, akitokea kwenye filamu ni wa kuhurumiwa au kuogopwa. Sijawahi kumuona akidaiwa kodi ya chumba, au akimtongoza mtu akakataliwa kama sisi wengine.

Wapo watakaosema tuwaweke wengi zaidi mbele ya kamera, yaishe. Siafiki sana. Siku ile Kirumba robo tatu ya waliokuwa mbele ya kamera ni sisi wa huku huku, na bado kilichotoka ni Usukuma wa mtu aliyeshuka ndege juzi. Hata Tito, nikiwa mkweli, wenzake hawamfuati nje: mama wa muongozaji anaingia mahali pake na kazi inaendelea. Lakini angalau amesema, na wamekiacha kipande chake kwenye filamu.

Kwetu walikata. Kati ya mstari wangu wa pili na wa tatu, mama mmoja aliyekuwa ameanika dagaa kwenye turubai alitoka na ufagio, akapita katikati ya lokesheni, akamsimamia muongozaji mbele ya uso: "Baba, sogeza hayo mavitu yako, mnatia kivuli kwenye dagaa wangu." Watu wote wa sauti, taa na kamera wakasogea hatua mbili kama watoto wa shule. R zake zote zilikuwa mahali pake. Nilingoja kipande hicho mpaka majina ya mwisho yakapita.