Owen tunamjua kwa bendera, bildi yake tumeisahau

Kila siku makondakta wa Mombasa hupiga kelele "Port Reitz! Port Reitz!", na abiria wengi hawajui Reitz alikuwa nani. Siwalaumu. Shuleni tulipewa mistari miwili tu: 1824 Kapteni Owen akaifanya Mombasa himaya ya Uingereza, 1826 himaya ikavunjwa. Kwa maoni yangu mistari hiyo inampunja Owen, na inawapunja zaidi Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati ule.

William Fitzwilliam Owen alikuwa mpima bahari. Alikwisha kupima Maziwa Makuu ya Kanada alipoondoka Uingereza mwaka 1822 na manowari mbili, Leven na Barracouta, kuja kuchora pwani za Afrika. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno. Mashua inashushwa, baharia anatupa bildi, yaani kamba yenye uzito wa kupimia kina cha maji, na kutaja pima, mwenziwe anaandika, mwingine anapima pembe kwa kulenga kilima au rasi. Wanasogea kidogo, bildi inatupwa tena. Mwamba kwa mwamba, mlango kwa mlango, hadi zikapatikana ramani za bahari zipatazo 300. Zaidi ya nusu ya mabaharia walioanza safari hiyo walikufa, wengi wao kwa homa. Ghuba ya Delagoa peke yake, ilipo Maputo leo, iliwaua wengi, na wakati ule hakuna aliyemshuku mbu.

Owen alipotia nanga Mombasa Februari 1824, alikuta Wamazrui wamekwisha kupandisha bendera ya Uingereza wenyewe, kujikinga na Sayyid Said wa Omani. Wazee wale walijua wanachokitafuta. Owen akawakubalia, kwa sharti waache biashara ya watumwa na wagawane na Waingereza mapato ya forodha. Utumwa aliuchukia kwa moyo wake wote, hilo naliamini. Lakini London haikumtuma kutoa ulinzi kwa mtu yeyote, na hapo simsamehi. Alimwacha Luteni John James Reitz na watu wachache, akarudi kwenye vipimo vyake. Reitz alikufa kwa homa kabla mwaka haujaisha.

Serikali ya Uingereza ikaikana himaya ile. Owen aliendelea na utumishi wake, akapelekwa Fernando Po, kisiwa cha Afrika Magharibi, mwaka 1827, na alipofariki Kanada mwaka 1857 alikuwa na cheo cha makamu admirali. Wamazrui hawakuwa na pengine pa kwenda. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji, na wakubwa wao wakakamatwa na kusafirishwa Ghuba ya Uajemi. Ninaudhika nikisikia wakiitwa wajinga wa siasa. Waliahidiwa na ofisa aliyevaa sare ya mfalme, manowari yake iko bandarini. Wangemshuku kwa lipi?

Pale Mji wa Kale tunazo Ngazi za Leven. Natamani pawekwe kibao cha Kiswahili chenye jina la Owen, la Reitz, na la Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa liwali wa Mombasa siku zile.