Bingo ya mtandaoni: tazama kasi kabla ya asilimia

Miongoni mwetu Waafrika Mashariki tunaoishi Uingereza, mazungumzo kuhusu bingo ya kwenye simu huishia palepale. Upande mmoja husema kamari ni kamari, mwenye akili aiache. Upande wa pili husema kila mtu na jasho lake, mradi amelipa kodi ya nyumba na ametuma za nyumbani. Kwa Mwislamu neno lilishasemwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 90, na sina la kuongeza hapo. Lakini wapo wengi wanaocheza na wataendelea kucheza, na hao tumewahukumu kwa jumla mno. Mama wa makamo anayenunua tiketi za pauni tano Ijumaa usiku, baada ya wiki ya kuhudumia wazee, ametiwa kapu moja na kijana aliyemaliza mshahara kwenye sloti, ile michezo ya kubonyeza picha zizunguke, kabla ya alfajiri. Huenda wote wawili wanatumia programu moja, ila wanachokifanya ni vitu viwili.

Bingo ya Waingereza ina namba 90, zinazotajwa moja moja kwa bahati nasibu. Tiketi moja ina namba 15, na seti ya tiketi sita inabeba namba zote 90, kila moja mara moja, kwa hiyo mwenye seti nzima ana kitu cha kuweka alama kila namba inapotajwa. Kuna zawadi ya mstari mmoja, ya mistari miwili, na ya tiketi nzima. Raundi inachukua dakika kadhaa, kisha watu wanasubiri nyingine. Mpangilio huo haujabadilika sana tangu sheria ya mwaka 1960 ilipofungua njia, na majumba ya sinema yaliyokuwa yakikosa watazamaji yakageuzwa kuwa kumbi za bingo. Wanawake wengi wa tabaka la wafanyakazi walipata hapo mahali pa kutoka jioni bila kuulizwa wanafuata nini.

Sasa tuje kwenye takwimu inayowapotosha wengi. Kila mchezo una asilimia inayorudi kwa wachezaji: kati ya pauni 100 zilizochezwa, ni ngapi hulipwa kama zawadi. Sloti nyingi za mtandaoni hutangaza kiasi cha 95. Bingo mara nyingi hurudisha chini ya hapo. Anayesoma namba hizo mbili atasema sloti ina huruma zaidi, na nimewasikia watu wenye elimu yao wakisema hivyo.

Hebu tupige hesabu kwa saa. Chukua chumba cha bingo chenye tiketi za peni 5. Seti ya sita ni peni 30. Tuseme raundi inaanza kila baada ya dakika tano, yaani raundi 12 kwa saa: umecheza pauni 3.60. Hata mchezo ukirudisha 70 tu kwa 100, gharama yako kwa wastani ni pauni 1 na peni 8. Sasa sloti. Uingereza imeweka kanuni tangu mwishoni mwa 2021 kwamba mzunguko mmoja wa sloti ya mtandaoni usipungue sekunde mbili na nusu. Hiyo ni mizunguko 24 kwa dakika, 1,440 kwa saa. Kwa peni 20 kila mzunguko, umepitisha pauni 288. Mchezo unarudisha 95, ndiyo, lakini zile tano zilizobaki kwa kila mia zimefika pauni 14.40. Punguza kasi iwe nusu, kwa sababu hakuna abonyezaye bila kupumua: bado ni pauni 7.20, zaidi ya mara sita ya bingo. Na mbele ya macho yake mchezaji wa sloti anaona ushindi mdogomdogo kila dakika, kwa hiyo anahisi anaenda vizuri kuliko yule wa bingo aliyekaa kimya nusu saa.

Ndiyo maana naona swali la kwanza la anayetaka kulinda pesa zake linapaswa kuwa: pesa yangu inapita mara ngapi kwa saa? Asilimia ije baadaye. Hesabu hii inawahusu hata walioko Kenya, ambako bingo si maarufu lakini Aviator, ule mchezo wa ndege, umeingia kwenye kila simu. Raundi yake inaweza kuisha ndani ya sekunde chache, na pesa inafuatwa M-Pesa bila mtu kuinuka kitini.

Bingo nayo inaweza kuharibiwa. Njia rahisi ni wingi wa tiketi. Chukua tiketi 96 kwa raundi, kwa bei ileile ya peni 5, na saa moja inakula pauni 57.60. Nafasi ya kushinda imeongezeka, ni kweli, ila asilimia ya kampuni iko palepale na sasa inakatwa kwenye fungu kubwa. Tena wastani usikudanganye. Zawadi ya bingo huenda kwa wachache katika kila raundi, na usiku mwingi mtu hutoka bila kitu. Kwa hiyo anayepanga bajeti ahesabu bei yote ya tiketi kuwa imeshaondoka, kama nauli. Anayepanga kwa kutegemea kwamba kitu fulani kitarudi ameshaanza vibaya.

Ila hatari ninayoiogopa zaidi imekaa pembeni ya tiketi. Ukumbini, mchezaji alishika kalamu na kufuata namba kwa macho na mkono, ukizubaa, unakosa. Kwenye simu, programu inaweka alama yenyewe na inapanga tiketi zako zile zilizokaribia kushinda zije juu. Mikono imebaki bila kazi. Na hapo hapo, kwenye skrini ileile, kuna kidirisha cha sloti ya kuchezea huku ukisubiri. Yule mama wa pauni tano aliingia kwa ajili ya mchezo wa taratibu, na katikati ya raundi mbili amewekewa ule wa haraka. Watu wakisema “bingo ilimmaliza,” mara nyingi nadhani fedha ilipita kwenye kidirisha hicho.

Wanaopinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni hii: kumwambia mtu acheze kwa busara ni kumbebesha mzigo ambao biashara yenyewe haitaki aubebe. Kamati ya Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza ilisema katika ripoti yake ya Julai 2020 kwamba asilimia 60 ya faida ya sekta ya kamari hutoka kwa asilimia 5 ya wateja, wale ambao tayari wana tatizo au wako karibu nalo. Namba hiyo haipuuziki. Serikali nayo, katika bajeti ya Novemba 2025, iliamua kufuta ushuru wa bingo ya ukumbini na kupandisha ushuru wa michezo ya mtandaoni kutoka asilimia 21 hadi 40, kuanzia Aprili 2026, na bingo ya simu ikahesabiwa upande wa mtandaoni. Kwa jicho la hazina, ukumbi ni kitu kimoja na simu ni kingine.

Nakubaliana na utambuzi huo, na kwa mtu ambaye ameshaanza kukopa au kuficha matumizi, bajeti si dawa. Huyo ajiandikishe GAMSTOP, ambayo humfungia kampuni zote za mtandaoni zenye leseni Uingereza kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, na aiambie benki yake izuie malipo ya kamari. Kumpa huyo somo la kujidhibiti ni ukatili.

Kwa wengine, kikomo hufanya kazi kikiwekwa mapema na kikiwa nje ya uwezo wa mtu kukibadilisha kwa hasira. Kanuni za Uingereza zimesaidia: kadi za mkopo zilipigwa marufuku kwenye kamari Aprili 2020, na mchezaji akitaka kuongeza kikomo chake cha kuweka pesa lazima asubiri angalau saa 24, ilhali kukishusha hutekelezwa papo hapo. Saa 24 hizo zina maana kubwa, kwa sababu uamuzi wa saa sita usiku unafikiriwa upya mchana. Pengo lililobaki ni kwamba kikomo hicho kinahesabu pesa unayoingiza tu. Ukishinda pauni 80, zinakaa kwenye salio na hakuna kinachozuia zote kurudi mchezoni. Anayejali atoe ushindi usiku uleule, abakize bei ya tiketi za Ijumaa ijayo, afunge simu.

Ofa nazo zimebanwa. Tangu Januari 2026, masharti ya kuchezesha bonasi kabla ya kuitoa hayawezi kuzidi mara kumi ya bonasi yenyewe, na kampuni hairuhusiwi tena kutoa ofa inayomlazimu mteja acheze aina mbili za michezo, mfano bingo pamoja na sloti, ili apate zawadi. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, lakini imetenganisha ofa tu, na skrini bado ni moja. Chumba cha bingo kifunguke bila kidirisha cha sloti, na anayeitaka aende kuitafuta mwenyewe sehemu nyingine ya programu.