Ilmarinen alizama, lakini mwenzake je?

Makala yenu kuhusu manowari za Finland katika Vita vya Pili vya Dunia imesimulia vizuri meli ya Ilmarinen ilivyogonga mabomu ya kutegwa baharini tarehe 13 Septemba 1941 ikazama kwa dakika chache na watu 271. Ila kumalizia kwamba manowari hizi mbili za Finland zilikuwa "hasara tupu", hapo nakataa.

Tuangalie kwanza zilivyoundwa. Pwani ya Finland imejaa visiwa na miamba, kwa hiyo meli ilihitaji kuelea kwenye maji ya mita 5 hivi huku imebeba mizinga minne ya milimita 254. Ni kama kupakia lori mzigo wa treni! Injini za dizeli zilizalisha umeme, umeme ukazungusha mota za rafadha (mapanga yanayosukuma meli majini), hivyo meli iligeuka upesi kwenye njia nyembamba. Dosari ilikuwa mrama: bahari kuu ikichafuka, ziliyumba vibaya.

Sasa huyo mwenzake, manowari ya pili Väinämöinen, mbona hamkumgusa? Warusi walimwinda hasa. Julai 1944 walituma ndege 132 bandarini Kotka, wakazamisha meli na kushangilia. Kumbe waliyoipiga ni Niobe ya Wajerumani, kikongwe kilichoanzia maisha yake Uholanzi! Väinämöinen alikuwa kajificha kwingine. Meli inayomfanya adui apoteze ndege na mabomu kiasi hicho bila yenyewe kufyatua hata risasi moja siku ile, nyie mnaiita hasara?

Mwisho wa Väinämöinen ndio ulinichekesha: 1947 alikabidhiwa haohao Warusi kama fidia ya vita, wakambatiza Vyborg.