Leseni Ikifungiwa California, Mahakama Ina Bei Yake

Dereva anayelalamika kwamba leseni yake imefungiwa kwa kuonewa hujibiwa kwa sentensi moja: mahakama ziko wazi. California ni kweli ziko wazi, lakini njia ya kuzifikia ina malipo kila hatua, na mwenye hoja nzuri mara nyingi humaliza adhabu kabla jaji hajalifungua jalada lake.

Upande wa serikali una uzito, na aliyezika ndugu aliyegongwa na mlevi hahitaji kuelezwa. Mwaka 2022 ajali za madereva walevi ziliua watu zaidi ya 13,000 Marekani. Ndiyo maana tangu 1990 polisi wa California akimkamata dereva mwenye kilevi cha asilimia 0.08 au zaidi katika damu huchukua leseni papo hapo na kumpa kibali cha kuendesha kwa siku 30, bila kungoja kesi ya jinai. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki utaratibu wa namna hiyo katika shauri kutoka Massachusetts. Adhabu ya mara ya kwanza ni kufungiwa leseni miezi minne, na tangu 2019 wengi wanaruhusiwa kuendelea kuendesha wakifunga kwenye gari kifaa cha kupima pumzi, kwa gharama yao.

Lakini kuna pia dereva aliyepimwa kwa mashine mbovu, na aliyesimamishwa bila sababu ya kisheria. Huyo ana siku 10 tu za kuomba kusikilizwa na idara ya magari, DMV. Kwa kuwa shauri ni la kiutawala, hapewi wakili wa bure ambaye maskini hupewa katika kesi ya jinai ya tukio lile lile. Taarifa ya polisi iliyoandikwa kwa kiapo inatosha kuwa ushahidi. Akitaka kumhoji aliyeiandika, ni juu yake kumwita, na huweka amana ya dola 275 kwa kila siku ya shahidi huyo.

Akishindwa, ana siku 30 za kwenda mahakama ya kaunti. Ada ya kufungua ombi ni kama dola 435, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa. Nakala ya mwenendo wa shauri ina malipo yake. Na hapa ndipo dola 275 zinaporudi kwa nguvu: jaji husoma mwenendo ule ule wa DMV, hapokei ushahidi mpya. Aliyekosa pesa za kumwita polisi mwanzoni amekosa moja kwa moja. Tena kufungua ombi hakusimamishi adhabu. Zuio la adhabu huombwa kivyake, na jaji anaweza kulikataa huku miezi minne ikiyoyoma.

Tuseme ameshinda. Kwa kawaida sheria ya California inaruhusu dereva kurudishiwa ada ya wakili pale tu uamuzi unapoonekana ulikuwa wa kiholela, na hata hapo kwa dola 100 kwa saa, zisizozidi 7,500 kwa jumla. Ni wakili gani Los Angeles anatoza dola 100 kwa saa? Idara ikikosea kwa nia njema, hairudishi hata senti ya wakili. Dereva aliyekuwa na haki tangu mwanzo anatoka mahakamani na leseni mkononi na deni mgongoni, na mwenye busara atakayemuuliza wakili kabla ya kuanza ataambiwa aache. Hukumu nyingi ambazo zingesahihisha makosa ya idara haziandikwi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1971, katika shauri la mchungaji wa kanisa katika jimbo la Georgia aliyezihudumia jumuiya tatu za vijijini kwa gari, Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilitambua kwamba leseni inaweza kubeba riziki ya mtu. Wakimbizi wa Kongo wanaoendesha gari kwenda kazi za zamu San Diego, California, wanalijua hilo bila hukumu.

Mimi ningeanza na dola zile 275: serikali inayotegemea neno la polisi imlete yenyewe dereva anapoomba. Watasema polisi watahama barabarani kwenda kukaa kwenye mashauri. Basi watoe ushahidi kwa video, dakika 20 kutoka kituoni.