Hofu ya Ndani Haipigi Hodi

Juma lililopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye amenunua kamera kwa mkopo na tangu hapo hana mazungumzo mengine, aliniletea mswada wake wa filamu niusome. Ni hadithi ya familia ya mtaa wa Langoni, Lamu, inayouza unga wa kulevya, na katika kurasa 40 nilihesabu mbio tatu za boti, mlipuko mmoja na maiti 11. Kwa kuwa sikutaka kumvunja moyo, nilimwalika yeye na wenzake waje tutazame Animal Kingdom, filamu huru ya Australia ya mwaka 2010, iliyoandikwa na kuongozwa na David Michôd, inayosimulia habari za familia ya majambazi wa Melbourne. Tuliketi dakani, baraza ya mlango wa mbele, kompyuta juu ya kiti, kahawa imepoa. Baada ya nusu saa akanigeukia kwa adabu zake zote akaniuliza, "Ami, thrila yenyewe yaanza saa ngapi?"

Nilishindwa kumjibu papo hapo, na tangu siku hiyo swali lake linanisumbua.

Thrila, mwanangu, hiyo taharuki unayoingoja, ilianza kabla hujakaa vizuri. Joshua, mvulana wa miaka 17, ameketi kwenye kochi kando ya mama yake huku televisheni ikionyesha mchezo wa kubahatisha pesa, nasi tunadhani mama amelala, hadi wahudumu wa ambulansi wanapoingia. Ameuawa na heroini. Wahudumu wakiwa bado wanamhangaikia, macho ya mvulana yanaibia kuelekea kwenye televisheni. Kama kuna mtu wa pwani hii, ambako tumezika vijana kwa unga huohuo, anayehitaji mlipuko baada ya hapo ili ashtuke, basi huyo ana moyo wa jiwe la matumbawe.

Mvulana anampigia simu bibi yake, ambaye mama alikuwa amemweka mbali naye kwa miaka, na bibi anakuja kumchukua na kumpeleka kwa wajomba zake. Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Filamu nyingi za taharuki zimejengwa juu ya mgeni: muuaji asiyejulikana, mpelelezi anayefika mjini, sauti ya mtu nje ya dirisha usiku. Aliyezaliwa katika nyumba ya kale ya Lamu anaufahamu mpangilio huo bila kufundishwa, kwa sababu nyumba zetu zilijengwa kumchuja mgeni hatua kwa hatua: huyu ataishia dakani, yule atafika tekani, ukumbi wa nyuma ya mlango, wachache wataingia kiwandani, yaani uani, na kupita misana, vile vyumba virefu vya mbele, hadi ndani ni kwa wenye nyumba peke yao. Thrila ya kawaida ni hadithi ya mtu mbaya anayevuka vizingiti hivyo kimoja baada ya kingine. Katika filamu ya familia ya wahalifu, mtu mbaya amezaliwa ndani. Hana kizingiti cha kuvuka, wala hana haja ya kupiga hodi, na anayetafuta usalama hana budi akimbie kwenda nje, kwa wageni, yaani kwa polisi, ambao nao wengine wamenunuliwa.

Kijana wangu alidhani kanuni za thrila zimeachwa. Zote zimo: shahidi anayewindwa, nyumba ya siri ya kumhifadhia, askari fisadi, mpelelezi mwenye subira, siri itakayomuua anayeijua. Lakini karibu kila moja imefungwa kwa uzi wa jamaa. Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, alikuwa akieleza kwamba bomu likilipuka ghafla mtazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu, bali akijulishwa mapema kwamba liko chini ya meza, atateseka kwa dakika 15 huku walioketi wakipiga soga. Hapa bomu haliko chini ya meza. Limeketi kitini, linaitwa Pope, na ni kaka wa mama yako. Sisi tunaojua uzito wa neno "mjomba" tungepaswa kuogopa kuliko Waaustralia wenyewe.

Kisha yuko bibi. Janine, aliyeigizwa na Jacki Weaver hadi akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, huwabusu wanawe midomoni kwa muda unaomfanya mtazamaji atamani kuangalia pembeni, na anapoona mjukuu anaweza kutoa ushahidi dhidi yao, anakwenda kwa askari fisadi kupanga mtoto wa marehemu binti yake auawe. Sauti haipandi. Anazungumza kama mtu anayeagiza mahamri ya asubuhi. Tumelelewa na methali isemayo mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mama huyu ameisikia, ameihesabu, na ameamua ni mzaliwa yupi anayefaa kufa.

Nitaambiwa kwamba kukosekana kwa mikikimikiki ni ukosefu wa pesa tu. Sawa, huenda pesa zilikuwa na sehemu yake. Ujambazi wa benki, ambao ndio kazi ya familia hii, tunauona katika picha tuli za kamera za ulinzi mwanzoni mwa filamu, basi. Lakini kinachobaki baada ya kuuondoa ujambazi ni wanaume wazima waliokwama nyumbani kwa mama yao, wakingoja, wakitazamana, kila mmoja akijiuliza nani atasema. Kungoja huko kunatisha kuliko boti zote za Bahari ya Hindi, na hakuli petroli.

Mwaka huohuo wa 2010 Winter's Bone ya Marekani, ambamo msichana anamtafuta baba aliyeiweka nyumba yao dhamana, ilishinda katika tamasha la filamu la Sundance kama ilivyoshinda hii katika kundi la filamu za nje. Simfahamu aliyeilalamikia kwa kukosa boti.

Kasoro ipo, nami naikiri kwa shingo upande. Nicky, mpenzi wa Joshua, anauawa na Pope, na ingawa tukio lenyewe linaumiza, ni kanuni ya kizee kuliko zote: msichana afe ili mvulana azinduke. Filamu iliyokataa njia za mkato nyingi namna hii ingeweza kuikataa na hiyo.

Mwisho nitausimulia, aliyekuwa hajaitazama amekuwa na miaka ya kutosha. Filamu ilichochewa na mauaji ya askari wawili katika mtaa wa Walsh, Melbourne, mwaka 1988, waliovutiwa kwa gari lililotelekezwa, na washtakiwa wanne waliachiliwa mwaka 1991. Kwa hiyo usitarajie hakimu akuridhishe. Joshua anarudi kwa bibi, anampiga Pope risasi chumbani, kisha anatoka na kumkumbatia bibi yake.

Dakani kwetu hakuna aliyesema neno. Jana kijana amerudi na mswada: boti zimebaki moja, maiti wamepungua hadi wawili, na karibu hadithi yote imehamia nyumba moja. Sasa amekwama kwa bibi. Ameshawaendea kina mama watatu wa mtaani, na wote, baada ya kusikia bibi huyo atafanya nini, wamemwambia akamuulize mamake.